Kisu, kalamu na siri ya mgonjwa: jibu kwa daktari kijana wa Lamu

Swali: Assalamu alaykum Daktari. Mimi ni daktari wa kike katika Kaunti ya Lamu. Nimemaliza mwaka wa mafunzo kazini na sasa niko wodini. Tangu shuleni naandika hadithi, na siku hizi visa vya hospitalini ninavyoviandika vinasomwa na watu wengi kwenye simu zao. Nimesoma vitabu vya madaktari wa ubongo waliokuja kuwa waandishi wanaopendwa, na moyo umeniangukia huko. Nataka kusomea upasuaji wa ubongo na niendelee kuandika. Wenzangu wananiambia mshika mawili moja humponyoka. Je, ni kweli? Kama si kweli, nianzie wapi?

Jibu: Wa alaykum salaam, mwanangu, na hongera kwa kufika hapo ulipofika.

Inawezekana. Nalisema mwanzo ili usisome jibu hili refu ukiwa roho juu. Wenzako wanaokutolea methali wanauhofia muda wako, na muda kweli ni mgumu, nitaufikia. Lakini kwa daktari anayeandika, kinachoponyoka mara nyingi ni siri ya mgonjwa, na katika swali lako sikuona jambo hilo likikusumbua. Ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Waganga wa kisu wameandika tangu zamani. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Qurtuba, kule Andalusia, alikamilisha mnamo mwaka 1000 kitabu cha tiba chenye juzuu 30. Ya mwisho ni ya upasuaji, ina michoro ya vyombo vyake vya kazi, na humo amewazungumzia hata watoto wanaojaa maji kichwani. Huyo aliwaandikia waganga wenzake. Harvey Cushing wa Marekani, anayehesabiwa baba wa upasuaji wa ubongo wa sasa, alikuwa akimaliza operesheni anaketi kuchora kwa mkono wake kile alichokiona ndani ya fuvu, na mwaka 1926 alipewa tuzo ya Pulitzer kwa wasifu wa daktari mwenzake, William Osler. Wilder Penfield, mwanzilishi wa taasisi ya maradhi ya ubongo kule Montreal mwaka 1934, aliandika riwaya. Wa zama zetu ni Ben Carson wa Marekani na Henry Marsh wa Uingereza, na nadhani hao ndio uliowasoma.

Hapa kwetu Kenya, Yusuf Dawood, daktari wa upasuaji wa Nairobi, aliandika safu ya gazeti la Jumapili kwa zaidi ya miaka 30, na vitabu juu yake. Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto, na riwaya yake ya kwanza, iliyotoka 1994, ilishinda tuzo ya Jumuiya ya Madola kisha ikasomwa na wanafunzi wa sekondari nchi nzima. Hawakuwa wa ubongo, lakini zamu za usiku walizijua. Atakayekuambia kwamba daktari haandiki, mtajie hao wawili.

Sasa tazama umri wao. Carson alitoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1990, anakaribia miaka 40, miaka sita baada ya kukabidhiwa kitengo cha upasuaji wa ubongo wa watoto pale hospitali ya Johns Hopkins. Wasifu alioandika Cushing ulitoka 1925, mwenyewe ana miaka 56. Penfield alikuwa ameshapita 60. Marsh alikuwa na 64. Wote walisubiri mkono wa kisu utulie kwanza ndipo wakajitokeza kwa wasomaji. Aliyetofautiana nao ni Paul Kalanithi, daktari wa ubongo wa Marekani, ambaye aliandika mafunzo yake ya ubingwa yakiwa ndiyo kwanza yanafikia mwisho. Yeye alikuwa amegundulika ana saratani ya mapafu, na alijua hana uzee wa kungojea. Alifariki Machi 2015 akiwa na miaka 37, na kitabu chake kikatoka mwaka uliofuata.

Kwa nini mkono utulie kwanza? Ngoja nikuingize ndani kidogo. Chukua kijana aliyeanguka mnazini. Amegonga ubavu wa kichwa, juu kidogo ya sikio, pale ambapo mfupa ni mwembamba na mshipa wa damu unapita chini yake. Anazinduka, anaongea, anaomba maji, pengine anakataa kupelekwa hospitali kwa kuwa anajiona mzima. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma, anatapika, usingizi unamchukua, na mboni ya jicho la upande ule inatanuka isisinyae hata ukiimulika tochi. Wewe uliye Lamu unaujua mwendo uliobaki: boti mpaka Mokowe, halafu gari kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, zaidi ya kilomita 300, huku damu ikiendelea kuvia kati ya fuvu na utando mgumu unaofunika ubongo.

Akitufikia hai hatuna muda wa kupoteza. Ngozi ya kichwa ikikatwa hutoa damu nyingi kuliko mgeni anavyotarajia, kwa hiyo tunabana klipu ukingoni mara moja. Keekee inatoboa mfupa, na iliyo nzuri hujisimamisha yenyewe mfupa unapoisha. Mashimo yanaunganishwa, kipande cha fuvu kinainuliwa, na damu iliyoganda inatoka nyeusi, mapande mapande, kama ini. Chini yake utando uliokuwa umebonyea unaanza kuinuka polepole na kupwita kwa mapigo ya moyo. Nimeliona hilo mara nyingi na kila mara nashusha pumzi.

Katika faili la mgonjwa yote hayo ni mistari michache: damu imeondolewa, mshipa umezibwa, mfupa umerudishwa, mgonjwa amepelekwa chumba cha mahututi. Mwandishi aliye ndani yako ataona mistari hiyo haikusema kitu. Haikumsema mama aliyekuwa kwenye benchi la nje ameshika kiatu kimoja cha mwanawe. Atataka kuandika usiku ule ule, na hapo ndipo namtaka azuiwe, kwa sababu mbili.

Ya kwanza nyepesi: keshoye kuna fuvu jingine. Ubingwa wetu unachukua miaka mitano hadi sita juu ya ile uliyokwisha kusoma. Unaweza kwenda Chuo Kikuu cha Nairobi kwa shahada ya uzamili, au kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999, ambacho hakina majengo ya madarasa ya kukuita. Unafundishwa kazini, katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha unakalia mitihani. Njia zote mbili zitakula usiku wako. Usiku wa kuamkia operesheni ni wa kulala, hata kama hadithi imekujaa kichwani na wasomaji wanaidai. Na usitegemee kalamu ikulipie karo. Kaunti ikikupa ruhusa ya masomo kwa masharti ya kurudi kuitumikia, taka masharti hayo kwa maandishi, uyasome na mtu anayejua mikataba.

Sababu ya pili ni nzito, na nitaianzia kwa Carson, maana kitabu chake kimewavuta vijana wengi wa Afrika Mashariki, na sishangai. Mama yake alikuwa na elimu ndogo sana, lakini aliwalazimisha yeye na kaka yake kusoma vitabu viwili kila wiki na kumwandikia walichokisoma. Mzazi gani wa Langoni hatalipenda jambo hilo? Mwaka 1987 Carson aliongoza operesheni ya kuwatenganisha watoto mapacha kutoka Ujerumani walioungana vichwa kwa nyuma. Timu ya watu 70, saa 22. Jina lake likavuma dunia nzima. Wasichokisimulia wengi ni kwamba watoto wale walitoka hai lakini hawakupata maisha ya kawaida. Walibaki na ulemavu mzito. Miaka 10 baadaye, Afrika Kusini, aliongoza timu nyingine iliyowatenganisha mapacha wa Zambia kwa saa 28, na hao wakakua.

Simlaumu kwa operesheni ya kwanza. Kazi yetu imejengwa juu ya majaribio magumu ya namna hiyo. Ninachotaka ukione ni kwamba msomaji hukumbuka saa 22, na mzazi hukumbuka miaka iliyofuata. Daktari anapoandika ana mamlaka ya kuamua hadithi iishie wapi, na kishawishi ni kuikata pale anapong'aa yeye. Ndiyo maana namheshimu sana Marsh. Alikuwa bingwa London kwa miaka mingi, na alichagua kuandika pia kuhusu wagonjwa waliotoka mikononi mwake wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoingia. Wasomaji wa kawaida walimpenda kwa hilo, na madaktari wengi tulipumua kusikia mtu akilisema wazi.

Lakini Marsh alikuwa na kitu ambacho wewe huna: London. Mji wa mamilioni ya watu. Ukimbadilisha mgonjwa jina kule, amepotea katika umati. Lamu hakuna umati wa kupotelea. Ukiandika "bwana mmoja wa Shela, fundi wa mashua, mwenye mke mwingine Matondoni, aliyepooza upande wa kulia", hujamficha hata kidogo. Kabla ya adhuhuri watu wa barazani Mkomani washamjua ni nani, na mke wa kwanza amesoma jambo ambalo hakuwa ameambiwa. Malindi ni vivyo hivyo, mji umekua lakini kila mtu ana shangazi hospitalini.

Sheria zipo. Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri ya mgonjwa, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaziweka habari za afya katika fungu la habari nyeti. Kiapo cha Geneva, ambacho madaktari duniani hukifuata, kinasema siri ya mgonjwa inaheshimiwa hata akifa. Yote hayo uyajue. Mimi lakini kinachonikosesha usingizi ni mgonjwa wa pili, yule ambaye hujamwona bado.

Mfikirie mama wa Faza ambaye binti yake ana kifafa. Unajua kinavyofichwa kwetu. Binti ana umri wa kuposwa, na neno likitoka nje wachumba hawaji. Mama huyo amejikaza mpaka akaamua, iwe iwavyo, mtoto atapelekwa hospitali. Halafu anasikia kwa jirani: yule daktari wa kike anaandika hadithi za wagonjwa, zinasomwa kwenye simu. Hatakuja. Atamrudisha kwenye dawa za kufukiza na makombe, na siku utakayomwona binti ni siku aliyoungulia jikoni kifafa kilipomkamata mbele ya moto. Hadithi yako ya kwanza ilikuwa nzuri na kila mtu aliisifu, na huyu ndiye aliyeilipia.

Kwa hiyo visa ulivyokwisha kuvisambaza, vikalie upya, kimoja kimoja, na ujifanye jirani wa mgonjwa. Jirani akimtambua, kiondoe, kisha umwendee mgonjwa mwenyewe umweleze ulichofanya. Ujumbe uliokwisha kupita simu kwa simu haurudi wote, lakini afadhali alisikie kwako kuliko sokoni.

Utaniambia utaomba ruhusa. Vizuri, ila jua kwamba ruhusa inayotolewa kitandani haina uzito. Mtu ambaye kesho unamfungua fuvu hawezi kukuambia hapana, anaogopa kukuudhi. Omba baada ya kupona na kwenda kwao, miezi ikishapita, na aulize mtu mwingine asiyekuwa wewe, muuguzi anayemwamini kwa mfano. Msomee ulichoandika neno kwa neno, kwa Kiswahili chake, kwa Kiamu ikibidi, na akisema sehemu fulani itoke, itoke bila mjadala. Mtoto huombewa na wazazi, lakini kumbuka mtoto atakua na hadithi itakuwa bado iko kwenye intaneti.

Na sisi wa ubongo tuna ugumu ambao daktari wa mifupa hana. Mgonjwa wa mguu akili yake ya kukubali na kukataa ni nzima. Kwetu, kiungo kinachotoa ruhusa ndicho kinachougua. Uvimbe wa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumfanya mtu mstahivu akubali lolote, acheke lolote, aseme mbele ya watu maneno ambayo angeyafia. Ndugu zake walipotia saini ya operesheni hawakutia saini ya hadithi. Katika hali hiyo usiandike. Akirudi kuwa yeye, muulize yeye. Asiporudi, kinyamazie.

Sasa usidhani nakufunga mkono. Wewe ni mtunzi wa hadithi, na huo ni mlango ambao wengi wetu hatuna. Penfield na Ogola walipotaka kusema ya moyoni walitunga riwaya. Chukua woga ule uliouona usoni mwa mama, umwachie mama mwenyewe uso wake. Badilisha maradhi, umri, kisiwa, kazi, mwisho wa kisa; tunga kweli kweli, mpaka mgonjwa wako akikisoma asijione. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kunakili, na itakufanya mwandishi bora kuliko hao wanaobadilisha majina tu.

Na sasa hivi, kabla hata hujaingia kwenye ubingwa, weka shajara. Isiwe na jina, namba ya faili wala tarehe ya kulazwa, na isikae kwenye simu. Andika ulichokiona wewe, ulichokiogopa, swali ulilotoka nalo zamu. Chora pia, hata kama mchoro ni mbaya; anayechora hulazimika kutazama. Miaka 10 baadaye utakuwa na hazina, na muda utakuwa umekuonyesha nini kilikuwa cha kweli na nini kilikuwa uchovu wa saa tisa usiku.

Nina ombi moja kwako: andika Kiswahili. Vitabu vyote hivi nilivyokutajia vilivyotungwa na madaktari wa ubongo, kutoka Cushing mpaka Kalanithi, viliandikwa Kiingereza, na watu wanaojaa kwenye benchi la kliniki yangu hawakuviona. Kuna mambo yanayongoja mtu wa kuyasimulia vizuri. Mgongo wazi, kwa mfano, mtoto anapozaliwa uti wake wa mgongo haukujifunga. Mfereji unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kwamba wana mimba. Asidi ya foliki, aina ya vitamini, ikiwamo mwilini kabla ya hapo hupunguza hatari hiyo sana. Tangu 2012 unga wa pakiti nchini unatakiwa kuongezewa, lakini anayekula wali wa nazi na mahindi aliyosagisha mwenyewe haupati, na hakuna aliyemwambia. Au kifafa: Shirika la Afya Duniani linasema watu mpaka 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa na kuzitumia ipasavyo. Mwandishi mwenye mkono wako anaweza kuliingiza hilo katika hadithi ya harusi, na likafika mahali ambapo mabango ya hospitali hayajafika.

Nawe hutakuwa unaanza ugenini. Kalanithi alipokuwa mgonjwa aliacha maneno kwa ajili ya binti yake aliyekuwa mchanga, na dunia ikalia naye. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alifanya hivyo mwaka 1858: mgonjwa, amemwita binti yake akae karibu na wino na karatasi, akamtungia utendi ambao tunausoma hadi leo. Alifia hapo Lamu. Pwani yetu ilijua zamani kwamba mtu anaweza kuandika akiwa kitandani na asimwaibishe yeyote.

Kuhusu kuanza: usitume maombi ya ubingwa kwa sababu ya vitabu. Chukua likizo yako, uombe wiki chache za kukaa na kitengo cha upasuaji wa ubongo Mombasa. Simama nyuma ya daktari wa usingizi utazame operesheni ndefu ya uvimbe mpaka mwisho, ile ambayo saa nzima ya kwanza ni ya kumlaza mgonjwa sawasawa na kukaza kichwa chake tu. Hudhuria pia kliniki ya watoto wenye vichwa maji, uone wanaorudi kwa sababu mrija wa kuyatoa maji hayo umeziba. Kaa katika chumba ambamo familia zinapewa habari mbaya. Daftari uliache nyumbani wiki hizo zote. Ukitoka hapo na bado unautaka mkono huu, niandikie, nitakueleza mitihani ya kuingilia na hospitali za kuombea nafasi, na nitafurahi kuwa miongoni mwa watakaokuandikia barua ya mapendekezo.